Huenda Anasikia

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo na baridi ya huko? Sisi wazima, ila baba yako hajafumbua macho tangu kile kiharusi. Tunamgeuza, tunamfuta uso, analala kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Ile video yako ya usingizi mzito, uliposema “Mgonjwa wako anasikia kila neno,” imetuokoa. Zamani baba yako mdogo alikuwa akisimama mlangoni, anakohoa, kisha huyoo, ameondoka. Siku hizi kila jioni anavuta kiti, anampa kaka yake habari za mpira, anamgombeza refa utadhani kajificha chini ya kitanda. Chumba kimechangamka. Ubarikiwe na elimu yako.

Mama

19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Poleni kwa kuuguza. Nilicheka kwa habari za refa, halafu nikalia.

Mama, kwenye utafiti wetu, ubongo wa baadhi ya wagonjwa, si wote, ulishtuka kidogo waliposikia sauti wanayoijua. Basi. Kama wanaelewa, hatujui. Mimi niliandika “huenda anasikia.” Mhariri wa video akasema “huenda” inafukuza watazamaji, nikaikata. Wiki ijayo narekodi upya, nairudisha. Siwezi kuwaambia watu nisichokijua, hata kama watu wenyewe ni nyinyi.

Mwanao

24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hali ni ile ile. Nakuomba, usirekodi. Kaneno kamoja tu! Kakirudi, baba yako mdogo atarudi mlangoni kukohoa, nami nitabaki peke yangu na pumzi za mume wangu huyu.

Mama

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Nilinyamaza kwa sababu nilikukasirikia, nisikufiche. Baba yako mdogo aliiona video mpya, akapotea. Kiti chake nikakianikia nguo.

Jana kaingia, kaziondoa nguo, kakaa. “Shemeji,” akasema, “huyu hata alipokuwa macho hakuwa akinisikiliza. Hiyo ‘huenda’ ni nafuu.” Tulicheka mpaka nikashika ukuta.

Alfajiri nikaota baba yako kaketi kitandani, mzima, ananiuliza nani kashinda. Nilipoamka nikainama sikioni pake nikamwambia: mmefungwa. Hakutikisika. Kama alisikia, sijui, na wewe hujui.

Lakini nilimwambia.

Mama