Mbuzi wa Hitima ya Bi Saumu

Jumanne, 30 Septemba 1997

Biashara imelala leo. Mbuzi wote sokoni wana sura kama yangu, nani atawanunua.

Nimemkuta Gélase nyuma ya nyumba anafuma mkeka. Mpangaji wangu, Mrundi. Kwao Rumonge alikuwa daktari wa mifugo — kazi yake kupasua mnyama aliyekufa na kusema kimemuua nini. Hapa Buzebazeba anafuma mikeka, tena mibaya. Nimemwambia, dokta, mtu akiulalia huu anaamka na mistari kama pundamilia. Kacheka. Kasema mikono yake imezoea kufungua, siyo kufunga.

Tukakumbuka utoto. Mimi nilikuwa namshikia Mzee Hamdani, mchinjaji wetu, miguu ya mbuzi akichinja. Malipo yangu kibofu, unakipuliza, kinakuwa mpira. Gélase kasema hata Rumonge walicheza hivyohivyo. Ulikuwa unanuka ule mpira, lakini ulidunda.

Jumatano, 1 Oktoba

Gari la kukusanya wakimbizi limepita tena, wanawapeleka kambini. Mwanvua kamwambia Gélase, shemeji, mchana usitoke hata mlangoni. Mke wangu akisema kasema.

Ijumaa hitima ya jirani yetu Bi Saumu, Mungu amrehemu. Pilau ya yule mama ilinukia mpaka Katonga. Mwanawe Abdulmajid kaagiza mbuzi kutoka Kalinzi, Mzee Hamdani atachinja. Nani mwingine? Tangu nazaliwa kisu cha mtaa huu ni chake. Ila macho yamekwisha. Juzi kaniamkia shikamoo, mimi — kadhani sheikh. Nikaitika marahaba. Nimekula bakora moja tamu, kama za zamani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Siku mbaya.

Mbuzi kaja asubuhi kwenye pikapu, kalala ubavu. Mimi sikuwepo, nimekuta maneno. Wanasema Abdulmajid alimharakisha mzee, wahi, wahi, huyu anakufa. Mzee kapiga bismillah, kachinja. Dereva ndiye alishika miguu. Kasema mbele za watu: huyu hakurusha teke hata moja, damu yenyewe imetoka kidogo kama inaona haya. Kibudu hiki, alishakufa kabla ya kisu.

Abdulmajid kasema mwongo, alikuwa anapumua.

Hakuna aliyetaka kumchuna. Mzee kanivuta pembeni. Sauti ndogo.

"Sefu mwanangu, mimi sikumwona. Nilisikia wahi tu. Mpeleke kwa Mrundi wako amtazame. Kama huyu kibudu, na wale wa nyuma je? Nimewalisha watu nini?"

Nikaenda kuazima toroli.

Nimemleta mbuzi uani kwa toroli. Gélase kanawa mpaka viwiko, eti mgonjwa yuko mbele yake. Miaka mitatu hajashika kisu. Alipokishika, mtu akawa mwingine kabisa. Ananifundisha mimi, niliyeishia darasa la nne, kama wanafunzi aliokuwa akiwafundisha kwao.

"Tazama ngozi kwa ndani, sha, rafiki yangu. Ubavu huu umepiga weusi, damu imetuama. Ndio alioulalia garini. Huu wa pili mweupe. Mbuzi akichinjwa mzima damu inamtoka, haipati nafasi ya kutuama. Na pafu, vuta." Nikavuta. Limegandana na mbavu, na maji ya njano. "Homa ya mapafu. Kafia njiani."

"Na kisu cha mzee?"

"Kisu kilifika, mwenyewe keshaondoka."

Nikamwambia, dokta, sema alikuwa hai. Neno moja tu. Nyama tutafukia hata hivyo, nani atajua. Mzee alale.

Kasuuza kisu muda mrefu.

"Sefu, nilivuka ziwa sina hata viatu. Kitu nilichovuka nacho ni hiki tu, kusema kweli kimeua nini. Usiniombe."

Tumemfukia mbuzi nyuma ya migomba, shimo refu, mbwa wasimfikie. Magharibi mzee kauliza, amesemaje? Nikamwambia dokta hajamaliza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Abdulmajid kapata mbuzi mwingine, mzima, analia kama kwaya. Watu wako kwake wanamngoja mchinjaji.

Mchinjaji yuko sebuleni kwangu. Kanzu nyeupe, kisu ndani ya kitambaa. Kasema hachinji mpaka amsikie dokta; kama yule alikuwa kibudu, kisu anakiacha. Nikamtania, mzee, leo mbona huniamkii? Hakucheka. Nikasema ngoja nimwite dokta, nikaingia chumbani, nimeshika kalamu badala ya kumwita.

Gélase mwenyewe keshasikia. Yuko ukumbini, kavaa shati lake la kanisani, anataka kumwambia mzee mwenyewe. Mwanvua kasimama mbele yake, anamwambia polepole, shemeji, sebule iko wazi, nje kuna watu, utakamatwa.

Chai ya mzee inapoa. Namwona kwenye upenyo wa pazia. Kafungua kitambaa. Kisu kakilaza mezani, makali upande wake, mpini kauelekeza huku kwangu.