Nyumba Namba Nne, Laini Saba

Jumanne, 8 Aprili

Zimebaki suruali tisa za shule. Nashona tangu asubuhi, Eli mgongoni, Tabi chini ya meza ya cherehani anakata vitambaa vyangu vizuri akidhani ni vile vya kutupa. Mvua. Baridi ya Eldoret imeingia mpaka kwenye sindano.

Barasa, mume wangu, amerudi na tiketi. Tunaondoka Alhamisi. Miaka mitatu sijakanyaga Nairobi, na leo nimezitazama hizo karatasi mara nne nikiogopa zimeandikwa tarehe nyingine.

Nimempigia Adhiambo, jirani yangu wa zamani kule Laini Saba. Anasema nyumba ni ile ile, namba nne, na tutalala vizuri tu kwa sababu Ouma, mume wake, yuko kazi ya mjengo Athi River. Alikuwa anazungumza haraka haraka. Nadhani alikuwa na mteja. Adhiambo husuka mlangoni na simu ameibana begani.

Barasa ameahidi jambo, na naliandika hapa asije akageuka. Tukipata nyumba kwenye ile ploti tuliyokuwa tukipanga, karibu na Adhiambo, tunarudi Nairobi mwezi wa nane shule zikifungwa. Fundi aliyekuwa akitengeneza naye masanduku ya bati bado anamtaka. Tukikosa, tunabaki hapa, nami niache kulia jikoni. Hayo ni maneno yake. Nimelia jikoni mara mbili tu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefunga mizigo. Unga wa Adhiambo, maharagwe, mursik, maziwa ya mgando, chupa mbili. Atasema ina harufu ya moshi, halafu ataimaliza.

Hapa tuna nyumba ya mawe, choo chetu wenyewe, maji ya bomba. Mama mkwe huwatangazia watu kanisani. Kila kitu kipo ila mtu wa kuzungumza naye. Jirani wa mkono wa kulia hunisalimia asubuhi na kufunga geti. Sijui jina lake mpaka leo. Labda kosa ni langu, sijui.

Kule tulikuwa namba tatu, Adhiambo namba nne, katikati bati moja. Akipiga chafya namwambia pole nikiwa kwangu. Uchungu wa Tabi uliponianza, yeye ndiye aliyesikia kwanza. Barasa alikuwa amelala kitanda kimoja na mimi na hakusikia kitu.

Ninamkosa kila siku. Nimechoka kujifanya simkosi.

Kuna uongo nilimwambia. Nilisema huku nimepata marafiki, kwamba naimba kwaya na wamama wananipenda. Hakuna kwaya. Sikutaka anionee huruma kwenye simu.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumefika. Nimechoka kabisa.

Adhiambo alitungoja kando ya reli. Tulikumbatiana tukalia, watu wakitupita na mikokoteni, mmoja akatutukana tupishe njia. Adhiambo akanitazama juu mpaka chini. "Wewe! Kwani huko Eldy mnakula nini? Umekuwa mlango!" Yeye amekonda. Shingo imebaki mifupa. Tabi hakumkumbuka, akajificha nyuma ya babake. Niliona Adhiambo akigeuka kuchukua mizigo.

Harufu ni ile ile: mkaa, omena, bati lililonyeshewa. Nimefurahi mpaka kichwa kinauma.

Ijumaa, 11 Aprili

Adhiambo ametoka kabla ya saa moja asubuhi, eti mteja anamngoja. Amerudi saa kumi. Mikono imekunjamana kwa maji, viganja vyeupe. Nikajiambia siku hizi labda wanaosha nywele kabla ya kusuka. Sikuuliza.

Nyumba imebadilika. Mapazia mapya, vikombe sivijui, vitambaa vya makochi vyenye maua mekundu, na Adhiambo nilimjua hapendi nyekundu. Miaka mitatu mtu hubadilika. Lakini alifungua makopo matatu kabla ya kupata chumvi. Na kila nyumba hapa ina ufunguo wake wa choo, ila yeye ameenda kuomba namba sita. Anasema wake umepotea. Huyu mtu aliyekuwa akitunza mpaka ufunguo wangu mimi kwa sababu mimi ndiye wa kupoteza.

Sasa habari yenyewe. Namba tatu iko wazi! Nyumba yetu! Mpangaji alihama mwezi uliopita. Nimechungulia dirishani kama mwizi. Alama ya moshi wa jiko langu bado iko ukutani. Barasa alicheka, na Barasa akicheka hivyo ujue amekubali.

Nilimwambia Adhiambo nikingoja apige kelele. Alisema, "Usiharakishe, Mama Tabi," akachukua mtungi akaenda kuchota maji. Mtungi ulikuwa umejaa nusu.

Imeniuma. Niandike hivyo tu. Nimekuja mbali kumwona na ninachokiona zaidi ni mgongo wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemtafuta msimamizi wa ploti, Baba Kevo. Ni yule yule, na kofia ile ile. Alisema namba tatu ni yangu nikitaka, hatampa mtu mwingine mpaka Jumatatu. Nilitaka kumbusu.

Halafu akasema, "Adhiambo atafurahi sana. Bado ako Kawangware kwa dadake?"

Nikasema, ako namba nne, tumelala kwake.

Akanitazama. "Namba nne ni ya Mama Brayo. Alienda ocha, kwao Busia, na watoto mpaka shule zifunguliwe. Si alimwachia Adhiambo ufunguo kwa sababu ya wageni?" Kisha akaona uso wangu, akaanza kukagua kufuli ambayo haikuwa na shida yoyote.

Nilienda chooni. Orodha ya zamu za kuosha imebandikwa mlangoni kama zamani. Namba nne, Mama Brayo. Nimesoma yote, juu mpaka chini. Zamani jina langu na la Adhiambo yalifuatana. Sasa hakuna hata moja.

Kumbe. Chumvi, ufunguo, vikombe. Kumbe tumekaribishwa kwenye nyumba ya kuazima.

Sikuwa na huruma kwanza. Nilikuwa na hasira. Simu za kila wiki, na mimi nikimweleza nitakavyopanga vitu vyangu, na yeye akiitikia. Barasa anasema lazima ana sababu. Simpendi Barasa anaposema kweli mapema.

Jioni Adhiambo alitafuta upawa. Mimi nilijua uko wapi, nilikuwa nimeuona nyuma ya ndoo. Nilimwacha atafute. Nilikuwa na ubaya leo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Njia yote imejaa watu na matawi yao, na matope. Tabi alipiga kila mtu na lake. Kanisani Adhiambo aliimba na mimi sikuimba.

Tulipotoka nikamwambia Barasa arudi na Tabi. Nikamgeukia Adhiambo. "Nipeleke kwako."

"Si kwangu ndio tunaenda?"

Nikatikisa kichwa. Alisimama katikati ya njia na tawi lake mkononi, pikipiki zikimpigia honi. Mwishowe akasema, "Ni Kawangware." Nikasema najua. Eli alilala mgongoni njia nzima, Mungu ambariki.

Ni chumba kimoja cha dadake Atieno, na watoto wake wanne. Pazia limekikata katikati. Nyuma ya pazia kuna godoro limesimamishwa ukutani, begi moja, na kopo la vitana vyake vya kusukia. Hayo ndiyo yote. Nilitafuta pa kuangalia nisipapate.

Ouma hayuko mjengo. Yuko Athi River kweli, ila na mwanamke mwingine, na wana mtoto. Aliondoka mwezi wa tisa. Adhiambo hakuweza kubaki Laini Saba peke yake, akahamia huku. Wateja wake wa nywele walibaki kule. Sasa anafulia watu nguo, nyumba za ghorofa za upande wa Riruta. Alisema yote hayo akikunja leso ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilikuwa juu, Eli akaamka.

"Kila ukipiga ni hiyo nyumba. Nyumba, nyumba. Ukuta, ukuta. Ningekuambia imeisha, ungekuja kuona nini?"

Nilimwita mjinga. Nilisema nimekuja kumwona yeye, mjinga yeye. Ndipo akalia kweli, si kama kule relini. Nami nikalia, na Eli akatuunga mkono.

Halafu nikamwambia. Kwamba Eldoret sina mtu. Kwamba siku nyingine sizungumzi na mtu mzima mpaka Barasa arudi.

Akajipangusa pua. "Na ile kwaya?"

"Hakuna kwaya."

"Mama Tabi! Na ile sare ya zambarau ulisema mnashona?"

Nilikuwa nimesahau hata hiyo sare. Tulicheka mpaka watoto wa Atieno wakafungua pazia kuona kuna nini.

Nimemwambia aje akae nasi Eldoret. Amekataa papo hapo. "Nikuje nikuwe mgeni wako kila siku? Zii." Akaniambia nichukue namba tatu, atakuwa akinitembelea Jumapili akipata nafasi. Alisema akitabasamu. Tabasamu lake nalijua. Hilo halikuwa lenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemrudishia Baba Kevo neno. Ampe mwingine namba tatu.

Nilisimama mle ndani dakika chache kwanza. Alimfungulia fundi wa stima, nikaingia. Ni chumba. Bati, sakafu iliyopasuka, alama ya moshi. Niligonga ukuta wa upande wa namba nne. Hakuna aliyejibu, na nilijua hakuna wa kujibu, nikagonga tena. Nimekuwa nikikililia hiki chumba miaka mitatu na kumbe sikuwa nakililia chenyewe.

Barasa hakusema "nilikuambia." Nilitaka aseme ili nigombane na mtu. Aliuliza tu kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Akachukua watoto akaenda nao kuwasalimu mafundi wenzake wa zamani, akatuacha.

Adhiambo hakwenda kufua. Alinisuka. Mlangoni, kama zamani, ila mlango wa mtu mwingine. Alianza saa tatu asubuhi. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni, vinakwaruza. Sikusema. Wapita njia walimsalimu kwa jina, wengine wakamuuliza alirudi lini. Alikuwa akiwajibu, "Nimekuja kumsuka huyu tu."

Nilitamani nywele zangu ziwe nyingi zaidi. Ilipobaki mistari miwili akapunguza mwendo, nami nikajifanya sijaona.

Tabi aliporudi alimkalia mapajani bila kuitwa. Akataka asukwe pia. Akasukwa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeosha vikombe vya Mama Brayo, nimefagia, nimerudisha kila kopo mahali pake. Tumemwachia nusu ya maharagwe.

Adhiambo alitusindikiza. Alimbeba Tabi mwenyewe na hakukubali kumshusha. Kisha akamshusha. Akaniambia nifunge sweta, akaondoka kabla gari halijaondoka. Aliharakisha kwa sababu ana nguo za watu zinamngoja tangu jana. Hiyo ndiyo sababu aliyotoa.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikasema, "Haya."

Ijumaa, 18 Aprili

Eldoret. Nyumba inanuka unyevu. Barasa amerudi kazini. Mama mkwe ameuliza kama tumeona nyumba Nairobi, nikasema tumeona, akangoja, nikaenda kuanika nguo.

Sijalia jikoni. Nimelia kwenye kamba ya nguo.

Tabi anauliza Anti Adhi atakuja lini. Anauliza kila siku, asubuhi, kabla ya uji. Nashukuru na nachukia.

Alhamisi, 24 Aprili

Suruali zimeisha. Mwenye duka amekuja kuzichukua, amerudisha moja, zipu imeenda upande. Nimeifumua.

Jua kidogo. Eli ametambaa mpaka mlangoni na kurudi.

Alasiri simu ikalia, Adhiambo. Hatukuwa tumeongea tangu turudi, ila ujumbe tu wa kusema tumefika. Nikamuuliza, uko aje?

Nilisikia maji yakimwagwa upande wake, na mtoto wa Atieno akiitwa.

"Niko vibaya, Mama Tabi."

Nikaweka mkasi chini. Nikamwambia hata mimi. Nikavuta kiti mpaka dirishani ambako simu inashika vizuri, nikamwambia aanze yeye.