Blanketi Kwenye Mizani

Mdogo wangu kipenzi,

Basi simu ikakatika pale pale patamu! Nilikuwa nakwambia habari za mwanao na huo utafiti wake wa uzito wa vichanga, hapa kliniki ninapofagia. Koti jeupe limempendeza, ila kula hali, anatafuna kalamu tu. Mimi ndiye msaidizi wake: naweka watoto kwenye mizani, namsomea namba, yeye anaandika.

Leo mwalimu anayemsimamia kaja kukagua daftari. Kaguna weee! "Hawa umewapima na mama zao mgongoni? Au namba umezipika?" Mwanao kalia mbele za watu.

Mimi huku moyo paa! Maana aliniambia niwavue nguo, nikawavua, lakini kile chuma cha mizani kina baridi, na huruma zangu unazijua. Nikawa nawaviringisha blanketi langu. Wote thelathini na wawili! Nimelipima sasa hivi, karibu nusu kilo. Na kuna kale katoto ka fundi viatu, kembamba kama uzi. Kakaandikwa hakana shida, juzi kakarudishwa nyumbani.

Bado sijasema. Nimejifungia stoo na ndoo zangu, nakuandikia wewe kwanza. Nikisema, kazi sina. Nisiposema, mwanao ndiye mwongo, na kale katoto je?

Huyo anagonga. "Mama mkubwa, umo humo? Naondoka, mwalimu kanifukuza."

Ngoja nitoke na blanketi langu, nikamwambie mwalimu.

Dada yako mwenye kiherehere