Akaunti Yako ya Korogwe

Chanika,
Handeni, Mkoa wa Tanga.
Jumapili, 18 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Adamu,

Assalaam alaikum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua ukifika mwisho wa barua hii huenda ukaisahau. Habari za Bremen? Habari za kazi, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kunyanyua mizigo, umepoa? Kula vizuri, na usilale kwenye viti ukitoka zamu kama ulivyozoea hapa nyumbani.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Presha ya Mama imetulia tangu wabadilishe dawa, ila magoti ndiyo yale yale. Wanangu wawili wa sekondari wamerudi shule, na mdogo ameota meno ya mbele na sasa anauma kila kitu. Mahindi tumepata kiasi, si haba. Nashilu bado anatuletea maziwa kila asubuhi kutoka kwao kule mbugani, na kila asubuhi anauliza utarudi lini. Nimechoka kumjibu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, benki imekataa fomu za kupiga picha, inataka zilizosainiwa kwa wino, kwa hiyo bahasha ilikuwa lazima itumwe. Ya pili, kila nikianza kukueleza kwenye simu unaniambia mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Adamu, uliniambia ni jambo dogo. "Dada, ni kupeleka fomu tu." Akaunti ya akiba ya Watanzania wanaoishi nje, uweke fedha zako huku nyumbani, shamba la mzee Eliasi lililopakana na letu kule Makuyuni lilipwe moja kwa moja kutoka benki. Nikakuuliza kwa nini usinitumie mimi kwenye simu nikamlipe mzee wa watu. Ukanijibu kwamba zikipita kwangu zitaishia kwenye ada za watoto. Neno hilo nimelimeza, lakini halijashuka. Hata hivyo fomu nikazipeleka, maana wewe ni ndugu yangu na shamba lile Mama analitaka.

Tangu mwezi wa tano nimekwenda Korogwe mara sita. Mara sita, Adamu! Benki ziko hapa hapa Handeni, naziona nikienda sokoni, lakini wewe ukachagua kwenye mtandao ile isiyo na tawi huku, eti riba yake imezidi kidogo. Hiyo riba nimeshaipanda basi yote.

Safari ya kwanza walikosa uthibitisho wa makazi yako. Nikakuambia, ukaleta bili ya umeme ya Kijerumani. Safari ya pili wakasema hakuna anayeisoma pale, itafsiriwe na mtu anayetambulika. Nikampata mwalimu mmoja Tanga mjini, akatafsiri, akapiga mhuri. Safari ya tatu kompyuta yao ikakataa jina la mtaa wako. Lina ile herufi inayofanana na B iliyoota kitambi. Dada wa benki anayeshughulika na akaunti hizi, anaitwa Husna, aliitafuta kwenye vibonye mpaka akanionea huruma, kisha akasema lazima aulize makao makuu Dar es Salaam. Makao makuu wakakaa wiki tatu kufikiria herufi moja.

Safari ya nne zikagombana sahihi zako. Ya ukurasa wa kwanza ni kama nyoka, ya ukurasa wa tatu umeandika jina zima kama mtoto wa darasa la pili, na ile ya mwisho ndugu yangu sijui ulikuwa unasaini au unajaribu kalamu. Husna aliziweka zote tatu mbele yangu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama ni mtu mmoja. Nikaapa kwamba ni mmoja. Mtu huyo huyo amenisumbua tangu akiwa mgongoni kwangu.

Safari ya tano wakaona kwamba cheti chako cha kuzaliwa kinasema Adamu Mhina na pasipoti inasema Adam Muhina. Wakataka kiapo cha mzazi mbele ya wakili. Mzazi aliye hai ni mmoja tu. Kwa hiyo Alhamisi ya juzi nikamvalisha Mama buibui lake jipya, magoti yake yale yale, tukapanda basi la asubuhi. Wakili alitumalizia haraka, Mama akatia dole gumba, akaniuliza kama sasa wewe umekuwa Mtanzania tena. Nikamwambia karibu.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe.

Tulifika kwa Husna kabla ya saa sita. Alitukaribisha viti, akamwamkia Mama, akasema faili lako limekamilika, umebaki wewe tu kusaini upya, anasoma kwa sauti ili tuthibitishe kabla ya kuliingiza. Akasoma jina, kazi, namba za pasipoti. Mama anaitikia kila neno kama yuko darsani. Kisha Husna akasoma, "Mrithi wa akaunti, Faudhia Adamu Mhina."

Mama akacheka kwa furaha. Akaniambia, "Unaona? Hakunisahau." Kisha akamgeukia Husna. "Lakini mwanangu, hapo umekosea kidogo. Mimi ni Faudhia Saidi. Adamu ni mwanangu, si baba yangu."

Husna akatazama karatasi, akatazama kompyuta. Binti wa watu hakujua. Akasema, "Hapana mama, huyu ni mtoto. Amezaliwa Bremen, mwaka juzi mwezi wa kumi. Na mke ni Rosina. Mtu wa karibu aliyeko nchini ni baba mkwe, Mzee Richard, wa Dindira."

Adamu, nilitamani sakafu ile ya vigae ipasuke. Nilikuwa nimebeba fomu hizo miezi mitatu kwenye mkoba wangu na sikuwahi kuufungua ukurasa wa nne, maana uliniambia nisichanganye karatasi. Nikamtazama Mama. Hakulia. Alimwomba Husna amsomee tena pale pale, polepole. Husna akasoma, na sauti yake sasa imekuwa ndogo. Mama akamshukuru, akasimama, nami nikachukua fomu mpya, tukatoka.

Nilidhani tunakwenda stendi kupanda basi la Handeni. Nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumtuliza njiani. Mama akasimama kwenye kivuli cha duka la simu akaniuliza, "Magari ya Dindira yanapandiwa wapi?"

Nikamwambia, "Mama, hatuwajui, hatujaalikwa, na mlima ule na magoti yako."

Akanijibu, "Mtoto ana jina langu. Nialikwe na nani?"

Basi tukapanda mlima. Unajua kule, gari linazunguka mpaka tumbo linahama, na ukishafika kwenye mashamba ya chai, baridi inakuingia mifupani. Mama alikuwa na buibui na mtandio tu. Kumpata Mzee Richard hakukuwa kazi, kila tuliyemuuliza alituelekeza. Nyumba yao iko chini kidogo ya barabara, ya bati jekundu. Mkewe alikuwa anaanika maharage uani. Nikamwamkia, nikataja majina yetu na tulikotoka.

Mama yule aliuachia ungo. Akaja mbio akamshika Mama mikono miwili akasema, "Mama Adamu! Umepona?"

Mama akauliza, "Kupona nini?"

Hivyo ndivyo tulivyojua. Wao uliwaambia Mama anaumwa miguu hawezi kupanda mlima, na ndiyo maana kwetu hakuna aliyekwenda kujitambulisha. Sisi hukutuambia lolote. Wazee wale wamekaa miaka mitatu wakidhani tunawakataa kwa sababu ya dini na tunatumia ugonjwa kama kisingizio. Mzee Richard alisema wazi, bila ukali, kwamba aliwahi kumkataza mkewe asitaje jina la ukoo wetu ndani ya nyumba. Nami sina la kumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Nakiri kwamba nilipanda kule nikiwa na maneno makali mdomoni. Nilitaka kuuliza ni watu gani hao wanaoozesha binti bila kuwatafuta wazazi wa kijana. Lakini mwanamke yule alimfunika Mama shuka zito, akamwekea miguu yake karibu na jiko, akatuletea chai na magimbi. Maneno yangu yote niliyashusha na magimbi.

Ukutani kwao kuna picha. Mtoto amekaa kwenye theluji, amevaa kofia ya sufu, anakunja uso kama amedhulumiwa. Mama aliomba aletewe. Akaishika muda mrefu, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. Halafu akasema paji la uso ni la marehemu Baba. Ni kweli, Adamu. Hata ule mkunjo. Mimi ndipo nilipotoka nje, nikasimama kwenye maharage yao, nikalia peke yangu. Nilikulilia wewe, na miezi ile ya fomu, na mtoto ambaye nimemfahamu nikiwa tayari shangazi wa miaka miwili.

Gari la saa tisa ndilo tulilorudi nalo. Mama Rosina alitoa picha kwenye fremu akampa Mama aondoke nayo. Alisema ukuta unaweza kusubiri nyingine.

Sasa mambo ya akaunti, maana bado yapo. Ndani ya bahasha hii kuna fomu mpya. Pale nilipoweka alama ya kalamu nyekundu, saini, na saini namna moja, nakuomba kwa jina la Mungu. Jina la mtaa andika kwa S mbili badala ya ile herufi yenye kitambi, makao makuu wameridhia. Kiapo cha Mama kimekubaliwa. Husna amenipigia simu, amesema bahasha ikirudi, akaunti itafunguliwa ndani ya wiki. Ametuomba radhi mara nyingi, nami nimemwambia kosa si lake hata chembe. Mzee Eliasi naye Mama amemfuata mwenyewe Makuyuni, akamweleza ukweli wote, na mzee amekubali kungoja mpaka mvua za vuli. Zikianza kabla hujajibu, atauza kwa mwingine, na mimi Korogwe sirudi tena.

Kuhusu Rosina, sikuulizi kwa nini. Labda uliogopa, labda ulingoja siku nzuri, na siku nzuri ikachelewa kama kawaida yako. Mwambie namsalimu kama wifi. Mwambie sina kinyongo naye. Wewe ndiye mwenye kesi.

Nisalimie rafiki zako wote wa huko. Mjomba wetu wa Makuyuni anakusalimu, na shangazi Maryamu, na majirani wote wa hapa Chanika. Nasieku, binti wa Nashilu, ameolewa mwezi uliopita, anasema hukumtumia hata salamu. Mungu akulinde huko ugenini, amlinde mkeo, amkuze binti yako katika afya na adabu, na akupe moyo wa kusema mambo mapema.

Nilimuuliza Mama kama ana neno la kuongeza nimwandikie. Alikuwa ameshika ile picha. Kasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie ndoa yake sina neno nayo, naiombea dua. Lakini mjukuu wangu nimetambulishwa na benki. Apige simu mchana, mtoto akiwa macho, na asiseme mtandao unakatika."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira hizi,

Hamisa Mhina.