Chumvi Kwenye Pompa

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua tena. Madimbwi kuzunguka pompa, mbuzi wanajisaidia humo. Nimechota maji kabla ya shule. Amisi, mdogo wangu, bado anaharisha.

Leo Mwalimu wa kemia alifundisha hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Kuna nchi zinazotaka kuiweka akiba chini ya ardhi na kufunga mashimo kwa bomba na saruji. Saruji isiposhikana vizuri na bomba, gesi itapanda kupitia ufa usioonekana kwa macho. Nikanyoosha kidole. Maji machafu je, yanaweza kushuka hivyohivyo? Akasema ndiyo. Somo lililobaki sikulisikia.

Baba ndiye aliyefunga pompa yetu. Aliomba watu wasubiri saruji ikauke. Jioni ileile walicheza ngoma kuizunguka, wakilishika bomba na kulitikisa kwa furaha.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemwambia Baba. Amekasirika. Saruji yake ni jiwe, anasema. Nimemchemshia Amisi maji. Naogopa.

Alhamisi, 7 Novemba
Amisi amefariki alfajiri. Kituo cha afya hakikuwa na serumu ya kumtundikia mshipani. Pikipiki ya kwenda hospitali ya Kabambare ilikwama kwenye matope.

Watu wa matanga wamekunywa maji ya pompa. Niliwaangalia tu.

Jumapili, 10 Novemba
Mwalimu alinieleza namna ya kupima kama maji ya juu yanashuka kando ya bomba. Nikayeyusha chumvi nyingi, nikaimwaga kuzunguka bomba. Jirani yetu Mama Zaina akacheka, kana kwamba natia chumvi kwenye mboga ya majani. "Mutoto wa fundi, unapikia pompa sombe?"

Tulipiga pompa kwa muda mrefu. Baba akaonja. Akatema. Akaonja tena.

"Iko chumvi," akasema, akakaa kwenye matope.

Jumatano, 13 Novemba
Baba ameng'oa mkono wa pompa na kuuficha chumbani. Majirani wanamtukana, maana mto uko mbali. Mmoja alisema wao hawajafa. Baba akamjibu polepole, "Wangu amekufa. Inatosha."

Mama hajaongea naye tangu maziko. Nawachukia watu wote leo.

Jumamosi, 16 Novemba
Baba amevunja saruji ya zamani, amemwaga mpya na kuifunika kwa magunia. Lazima ibaki na unyevu, la sivyo itapasuka.

Nilirudi na ndoo kutoka mtoni. Mama akanitua ndoo kichwani, akaenda nayo mwenyewe. Akamwagilia magunia taratibu, upande mmoja, kisha mwingine. Baba akasogea kumpisha.