Ufunguo Ulikuwa Kitale

Baba,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimekaa kwa ofisi ya shule ya udereva na mlango nimefunga ili mtu asinipigie hodi. Mama anasema watu waliokufa hawasomi barua. Nimemwambia si kitu, acha niandike, mkono utakaochoka ni wangu.

Nianze na habari za nyumbani kwa sababu najua ungeniuliza hizo kwanza. Mahindi ya shamba la chini yamekomaa na kaka Wafula amepata watu wa kuvuna. Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike. Mama siku hizi analala sebuleni, anasema chumbani kuna baridi, nasi tunajifanya tumeamini. Pikapu iko palepale karibu na stoo. Kuku wanataga nyuma, pale ulikuwa unapakia magunia. Hakuna mtu ameiwasha tangu tukuzike, na nikienda nyumbani napitia upande ule mwingine wa boma ili nisiione.

Mimi ndiye nilikunyang'anya hiyo gari. Kijiji kizima kinajua na hakuna anayenitajia, na hiyo heshima yao inanichoma kuliko matusi.

Unakumbuka ilivyoanza. Uligonga nguzo ya geti la kanisa ukirudi nyuma, kisha ukamkanyaga mbuzi wa jirani, halafu siku moja Wafula akanipigia simu ati umeponea chupuchupu kumgonga mtoto wa shule pale sokoni Chwele. Ndugu zangu wakakutana bila wewe. Wanaume wazima wenye ndevu, Baba, na hakuna mmoja aliyeweza kukuambia neno. Wote wakanigeukia. "Si wewe ndiye mwalimu wa udereva? Mpe mtihani." Na mimi na kichwa changu kigumu nilifurahi. Kweli nilifurahi. Kila siku nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba wazee wanafaa kurudia mtihani kabla ya leseni kuongezwa muda, na watu walikuwa wakinibishia. Sasa nilikuwa nimepata mzee wangu mwenyewe wa kuwaonyesha.

Nikakudanganya. Nilikwambia uje Kitale uone ofisi yangu mpya. Ukaja umevaa lile koti la harusi ya Wafula, umebeba ndizi na kuku, ukawasalimia wanafunzi kwa mkono mmoja mmoja. Ukaniambia barabara imetengenezwa vizuri, lakini wewe ulisema "balabala" kama kawaida, na mimi nikakucheka kama kawaida. Kisha nikakusimamisha mbele ya ule ubao wetu, ile meza iliyochorwa mji mdogo wenye barabara na raundabauti, ambayo kila anayejifunza gari katika Kenya hii lazima asukumie kigari cha plastiki juu yake kabla ya kupewa gari la kweli. Nikakwambia, "Baba, anzia hapa, zunguka raundabauti, utokee njia ya tatu."

Wewe ulifanyiwa mtihani wako mlimani. Uliwekwa kwa lori, ukaambiwa simama katikati ya mlima kisha uondoke bila kurudi nyuma hata kidogo, na ukapita. Huo ubao hukuwahi kuuona. Ulishika kile kigari kama mtu aliyepewa kifaranga, ukainama sana, ukakisukuma upande usiofaa. Kijana mmoja akacheka, wengine wakamfuata.

Na wewe ukacheka nao. Hapo ndipo roho yangu hurudi kila mara. Ulicheka, ukatoa ufunguo mfukoni, ukauweka juu ya meza na kusema, "Haya mwalimu, nimeanguka." Ulikuwa hujawahi kuniita mwalimu.

Ningeweza kukupeleka barabarani. Gari la shule lilikuwa hapo nje, lile lenye breki mbili, moja ya mwalimu, na barabara ya Endebess asubuhi haina watu wengi. Tungekuwa sisi wawili tu. Mimi ningekuona ukiendesha na wewe ungejionea mwenyewe. Lakini huko ungenibishia, na mimi sikutaka ubishi siku hiyo, nilitaka kumaliza. Msichana wa Kibukusu anamwangusha baba yake mbele ya watoto wa watu, na jioni anawapigia ndugu zake simu akijisifu ati kazi imekwisha, mzee hakuleta shida hata.

Sikufikiria pikapu ile ilikuwa nini kwako. Mtu wa kwetu akifia hospitalini Bungoma, familia hawakuwa wanauliza gari itatoka wapi. Walikuja kwako. Ulibeba wafu wa pande zote mbili za mto, matajiri na wale ambao hata jeneza lilikuwa la mbao za kuazima. Nilipokuwa mdogo ulinikalisha mbele na wewe, kina mama wakiimba huko nyuma, na mtu akijaribu kutuharakisha kwa honi unasema, "Polepole bana, tumebeba mtu." Ulikuwa unaniambia mimi kana kwamba ndimi ninayeendesha. Baada ya mimi kukurudisha nyumbani na pikapu, nikarudi Kitale na ufunguo, watu wa mzee Barasa walikuja kukuomba ukamchukue marehemu wao. Uliwaambia gari ni mbovu. Mama ndiye alinieleza. Hukutaka waseme binti yako amekufunga.

Na kwa sababu ya kazi hiyohiyo ulikataa kupanda pikipiki. "Nimebeba wengi sana waliotoka kwa hizo vitu," ulisema. Kutoka kwetu mpaka lami ni mbali, goti lako lilikuwa limekataa, na kuomba lifti wewe haungeomba hata kwa askofu. Kliniki yako ya presha ilikuwa Alhamisi, Bungoma mjini. Nilikuahidi mbele ya Mama kwamba nitakuwa nakuja kila siku ya kliniki nikupeleke na kukurudisha. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayetoa zawadi.

Nilikuja ya kwanza. Nilikuja ya pili, nikachelewa. Ya tatu ilikuwa siku ya mtihani wa wanafunzi wangu, nikapiga simu kusema nitakuja wiki inayofuata, na wiki inayofuata mvua ilinyesha ikaharibu ile njia ya kupitia Kimilili. Sababu zilikuwepo, Baba. Sababu hazikosekani. Mama aliniambia baada ya mazishi kwamba siku hizo zote ulikuwa unaoga mapema, unavaa koti, unakaa kwenye kiti nje na kadi ya hospitali mkononi. Saa za mchana zikifika unavua koti na kusema, "Nasimiyu ana kazi." Basi. Hukumtuma mtu anipigie. Dawa zikaisha ukakaa kimya, na mimi nikaona kimya hicho ni dalili ya afya.

Ile Jumamosi ulianguka karibu na zizi. Mama akapiga kelele, majirani wakaja. Watu wanne walikubeba mpaka kwenye pikapu yako. Mafuta yalikuwemo. Mtoto wa Barasa, yule anayeendesha trekta, alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Ndipo wakaulizana ufunguo uko wapi.

Ulikuwa Kitale, Baba. Ulikuwa kwa mkoba wangu, na mkoba ulikuwa begani, na mimi nilikuwa sokoni nachagua nyanya. Mama alinipigia akauliza swali moja tu. Sitasahau vile nilivyoufungua mkoba nikautazama ule ufunguo, kana kwamba kuutazama kungesaidia. Wakakushusha, wakaanza kutafuta gari lingine. Lilipopatikana na kufika Bungoma ulikuwa umeshaondoka.

Daktari alisema hata mngefika mapema huenda isingebadilisha kitu. Ni mtu mpole, namshukuru. Sijamwamini.

Sasa nikwambie kitu ambacho Mama alinificha mpaka arobaini yako ilipopita. Alisema miaka yako ya mwisho ya kuendesha, hukuwa unaona. Alikuwa anakaa kando yako anakusomea barabara. "Baba Wafula, ng'ombe kushoto. Baba Wafula, kuna mtu na baiskeli, ngoja. Sasa nenda." Mama ambaye hajawahi kushika usukani maisha yake. Mlienda hivyo mpaka Bungoma na kurudi, nyinyi wawili, na siku ile ya mtoto wa shule Mama alikuwa hayupo. Nilicheka nikalia. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ningemwaibisha vipi baba yako?" Mimi nilijua namna ya kukuaibisha.

Kwa hivyo nilikuwa sawa. Hilo ndilo linanitesa. Kama ningekuwa nimekosea ningelia nikamaliza. Lakini ulikuwa hufai kuendesha, na kama ungeendelea tungekuwa tunamzika mtoto wa mtu. Wanafunzi bado wananiuliza, "Mwalimu, wazee warudie mtihani?" Zamani nilijibu kabla hawajamaliza swali. Bado najibu ndiyo. Ila sasa naongeza maneno mengine na wao huchoka kusikiliza.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeishi Nairobi alimleta baba yake, mzee Gathogo, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Moi's Bridge. Yule kijana alinivuta kando akaninong'oneza, "Mwalimu, wewe mwangushe tu hapo kwa ubao, atasikia." Mzee alikuwa amevaa koti.

Sikumpeleka kwa ubao. Nilimwambia mwanawe abaki hapo, nikaenda na mzee barabara ya Endebess. Anaendesha vizuri kwa mikono, kama wewe. Lakini mama mmoja aliyebeba kuni alikuwa anavuka mbele yetu, na mzee hakupunguza mwendo, na ni mimi niliyekanyaga breki. Nikamwambia aegeshe kando. Tukakaa. Nikamweleza alichokosa kuona, taratibu, kwa adabu, na hakunibishia. Kisha akaniuliza bibi yake atapelekwa na nani hospitalini, kwa sababu yeye ndiye humpeleka.

Niliporudi nilimuuliza kijana swali hilohilo mbele ya baba yake. Akasema ati hayo ni maneno ya familia, watapanga. Nikamwambia hapana, panga hapa, taja mtu na utaje siku, na ufunguo ubaki nyumbani kwa mama yako, usiende nao Nairobi. Alikasirika. Akaniuliza kama hii ni shule ya udereva ama ni korti. Ndipo nikamweleza habari zako zote, pamoja na zile nyanya za sokoni. Mzee Gathogo alivua kofia. Yule kijana akataja siku.

Sisemi hiyo inanisafisha. Haiwezi, na wewe huko uliko usiniambie pole.

Mama naye wamempata na presha. Kliniki yake wameiweka Jumatano. Jumatano hizo nimezifuta kwa shule, hakuna mwanafunzi, hakuna mtihani, na mvua ikinyesha nitatoka siku moja mbele nilale nyumbani. Ufunguo wa pikapu nimempa mtoto wa Barasa. Akiitwa kubeba mtu, aende, na nimemwambia aende polepole.

Lala, Baba. Kama ungerudi leo, ningekunyang'anya ufunguo tena, maana hukuwa unaona. Lakini Alhamisi ningekuja.

Mimi bintiyo,
Nasimiyu