Kopo la Baruti

Zuhura,

Leo sikuiti mke wangu, maana barua yako imeniudhi. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kuna kosa gani kuwaambia wenzako wa Dar, mnaolala nao hoteli moja huko Guangzhou, kwamba mikoba imekwisha katika soko la Shiling, wakati umeiona imejaa. Kosa lipo!

Mwaka ule bidhaa zilipoadimika, nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo. Nilizunguka maduka yote ya Korogwe kutafuta baruti ya gobore. Kila muuzaji alinijibu, "Hakuna." Wa mwisho, kopo nililiona chini ya meza yake. Nilimfokea mbele ya watu, nikamwita mchoyo, mpaka akaniuzia.

Kijijini kwetu ilikuwa desturi, aliyepata baruti aliwagawia wenye magobore wote, kila mmoja kisoda kimoja. Jirani yangu Salehe alipokuja na kisoda chake mkononi, nilimwambia, "Hakuna." Kopo lilikuwa chini ya kitanda nilichokalia.

Shamba langu likapona. Lake likaliwa lote. Siku ya kung'oa mihogo yangu alikuja na mkewe kunisaidia, na nilipompa kikapu kimoja alinishukuru kwa mikono miwili. Hasira ile ya dukani ninayo hadi leo, ila si kwa yule muuzaji tena.

Basi, kawaonyeshe hilo soko la Shiling. Ukishawapeleka, niandikie, nikuite tena mke wangu.

Babu yako